Mihogo imeachwa getini

Mwaka juzi mdogo wangu aliacha kula kila kitu kitokacho kwa mnyama: nyama, samaki, mayai, maziwa, samli, hata asali. Watu wa namna hii wanaitwa vegani. Sababu zake anazijua mwenyewe, na si nia yangu kumtetea wala kumpinga. Kilichonifanya niandike ni usiku mmoja tulipokwenda kusikiliza dansi kwenye ukumbi mmoja wa hapa Dar es Salaam, wenye bendi nzuri na bustani pana. Tulikaa, mhudumu akaja.

"Mimi sili nyama," mdogo wangu akamwambia.

"Hamna shida, dada. Kuku wapo."

"Kuku pia sili."

"Basi samaki. Leo kuna sato mzuri."

Alipomfafanulia kwamba anataka chakula kisichoguswa na mnyama kabisa, yule kijana alifikiri kidogo, kisha akasema kwa moyo mweupe: "Nitakuletea ndizi nyama, halafu nakutolea nyama. Utabaki na ndizi na mchuzi wake."

Mwisho aliagiza chipsi kavu. Zilikuja zinanukia kuku, kwa sababu jikoni kulikuwa na karai moja tu, na mafuta yake yalishapitiwa na vipapatio, soseji na samaki tangu jioni. Alikula chache, akaisogeza sahani pembeni, tukaendelea kusikiliza muziki hadi saa nane usiku yeye akiwa na soda tumboni.

Sikumlaumu mhudumu, na hadi leo simlaumu. Lugha yenyewe ilikuwa upande wake. Katika Kiswahili chetu cha kila siku, nyama ni ya ng'ombe au ya mbuzi. Kuku ni kuku, na samaki ni samaki. Neno mboga nalo lina mambo yake. Ukiuliza nyumbani "leo mboga nini?" unaweza kujibiwa dagaa, maharage au utumbo, maana mboga ni chochote kinachoshushia ugali. Kwa hiyo anayesema "sili nyama" amekaribisha kuku, na anayejiita "mla mboga" hajamwambia mpishi kitu cha kumsaidia. Hilo ni la kwanza la kukubali kabla hatujawanyooshea kidole wenye kumbi: vegani anaingia mahali ambapo hata jina la hali yake halijazoeleka, na inambidi ataje kimoja kimoja, hadi samli iliyopakwa kwenye chapati na supu ya mifupa iliyopikia pilau.

Sasa tuwasikilize wenye kumbi, maana hoja zao ni nzito kuliko wanaharakati wengi wanavyotaka kukiri.

Biashara ya burudani inaishi kwa chakula na vinywaji. Jumba la sinema haliishi kwa tiketi peke yake. Sehemu kubwa ya fedha ya tiketi inakwenda kwa wenye filamu, na kinachobaki kulipia umeme na mishahara kinatoka kwenye bisi na soda. Ndiyo maana getini unapekuliwa mkoba na kuambiwa chakula cha nje hakiingii. India walifikishana hadi Mahakama ya Juu kwa jambo hilohilo. Mahakama Kuu ya Jammu na Kashmir iliwahi kuagiza mwaka 2018 kwamba watazamaji waruhusiwe kuingia na chakula chao. Januari 2023 Mahakama ya Juu ikalitengua agizo hilo, ikasema mwenye jumba ana haki ya kuweka masharti ndani ya mali yake, na mtazamaji halazimishwi kununua. Lakini wenye majumba walitakiwa kutoa maji safi ya kunywa bure, na mzazi mwenye mtoto mchanga akaruhusiwa kuingia na chakula cha mtoto kwa kiasi.

Nauona uamuzi huo kuwa wa busara, hasa kwa yale mawili ya mwisho. Mahakama ililinda mfuko wa mwenye jumba, na papo hapo ikamwona yule asiyeweza kula kinachouzwa ndani. Swali linalobaki ni kama vegani naye anaingia katika kundi hilo. Mwenye ukumbi atakujibu kwamba mtoto mchanga hakuchagua, vegani amechagua. Hapo ana hoja, na sitaki kuipita kwa haraka. Uingereza, baraza la kazi liliamua Januari 2020, katika shauri la Jordi Casamitjana, kwamba uvegani unaotokana na msimamo wa kimaadili ni imani inayolindwa na Sheria ya Usawa ya mwaka 2010. Lakini lile lilikuwa shauri la mtu na mwajiri wake. Halikumlazimisha mwenye uwanja kupika dengu, na sidhani kama sheria ndiyo njia ya kulipitisha jambo hili kwetu. Mtu mzima aliyechagua njia yake anajua itamgharimu usumbufu fulani, na mdogo wangu mwenyewe hulisema hilo.

Hoja ya pili ya wenye kumbi ni idadi. Kwa nini wapike sufuria zima la kitu ambacho wateja wawili ndio watakaokiulizia, kingine kimwagwe alfajiri? Hoja hii nayo ina ukweli, ila hesabu yake imekosewa mwanzoni. Inamhesabu vegani peke yake.

Mhesabu pia Mwethiopia au Mweritrea wa kanisa la Othodoksi. Yeye Jumatano na Ijumaa hali nyama, maziwa wala mayai, na kabla ya Pasaka anafunga hivyo siku 55 mfululizo. Migahawa ya Kiethiopia, pamoja na ile ya Nairobi, ina sahani yake ya mfungo tayari: injera (mkate wao mwembamba kama chapati), na juu yake shiro (rojo la unga wa jamii ya kunde), dengu, kabeji na mboga za majani. Hakuna anayeiita chakula cha vegani, na wasiofunga nao wanaiagiza kwa sababu ni tamu. Mhesabu Msabato aliyeacha nyama. Mhesabu Mjaini, wa ile dini ya India isiyodhuru kiumbe, na Mhindu wa madhehebu ya Swaminarayan, ambao kwa ajili yao kuna migahawa isiyopika nyama katikati ya Dar es Salaam, maeneo ya Kisutu (huko maziwa na samli vinatumika, kwa hiyo vegani bado atauliza, lakini atapata kitu). Mhesabu Rasta. Mhesabu mtoto ambaye mayai yanamvimbisha midomo, na mzee aliyeambiwa na daktari apunguze nyama nyekundu. Mhesabu Mwislamu aliyefika mahali asipomjua mchinjaji, akaona afadhali ale maharage. Sufuria moja la maharage ya nazi linawalisha karibu wote hawa, na wasio na sharti lolote watakula pia.

Wala hatuhitaji mtu wa kuja kutufundisha kulipika. Hapa ndipo ninapotofautiana na baadhi ya vegani wa mijini, wanaodai kumbi zilete baga za mmea kutoka nje, za bei ambayo muuza mitumba hataigusa. Pwani nzima imejaa chakula wanachokitafuta: mbaazi za nazi, kisamvu, bajia za kunde, kachori, viazi karai, mihogo ya kukaanga kwa kachumbari na pilipili ya ukwaju, ndizi za kuchoma, mahindi ya kuchoma yaliyosuguliwa ndimu na chumvi, korosho, kashata, madafu. Simama mlangoni mwa Ngome Kongwe kule Zanzibar, panapofanyika tamasha la Sauti za Busara, uvuke barabara: uko Forodhani. Jioni muhogo unachomwa, miwa inakamuliwa kwa ndimu na tangawizi, urojo unachotwa. Ukimwambia muuzaji asikutilie mishkaki wala yai katika urojo, hakushangai. Anaendelea kuchota.

Nenda na Temeke siku ya Yanga na Simba, Uwanja wa Benjamin Mkapa. Watu wanaanza kufika asubuhi kwa mechi ya jioni, na nje ya geti kina mama wamejipanga na beseni za mihogo, karanga na mahindi. Ukishapita geti, chaguo linapungua kwa kila hatua.

Ndiyo maana siamini tena kwamba tatizo la vegani kwenye burudani zetu ni uhaba wa chakula. Chakula kipo, na kimeachwa getini. Kila tunapozungushia burudani uzio na kuweka zabuni ya mtu mmoja kuuza ndani, tunachuja muhogo na kubakiza soseji, kwa kuwa soseji inakaa kwenye friza wiki nzima na haihitaji mama wa kuikatakata alfajiri. Vegani ni wa kwanza kuhisi njaa hiyo. Lakini aliyepoteza kipato ni yule mwenye beseni, na nadhani mijadala hii ingewagusa watu wengi zaidi kama vegani wangeanza kumtaja yeye.

Wenzetu wa Salvador, Brazili, walilipitia hilo. Kule kuna kina mama wauzao acarajé, bajia ya kunde iliyokaangwa kwa mafuta ya mawese, waliyoirithi kwa mababu waliotekwa Afrika Magharibi na kupelekwa utumwani. Yenyewe ni mmea mtupu, uduvi na rojo lake huongezwa baada ya kukaangwa. Kombe la Dunia la 2014 lilipokaribia, masharti ya FIFA yalielekea kuwaweka mbali na uwanja wa Fonte Nova, mahali walipokuwa wakiuza miaka yote. Kina mama wakapaza sauti, watu wakatia saini kuwaunga mkono, na mwishowe baadhi yao wakaruhusiwa kuuza eneo la uwanja. Afrika Kusini mwaka 2010 wachuuzi wengi waliokuwa jirani na viwanja hawakuwa na bahati hiyo.

Wenye kumbi watanikumbusha usafi, na wako sahihi kunikumbusha. Kipindupindu kilicholipuka Dar es Salaam mwaka 2015 na kusambaa nchini hakijasahaulika, na mwandaaji ndiye atakayebeba lawama watu elfu wakiharisha. Sisemi kila beseni liingie bila kukaguliwa. Nasema mama lishe mwenye cheti cha afya, maji ya bomba na meza yake ndani ya uzio si hatari kuliko kibanda cha chipsi ambacho mafuta yake hayabadilishwi.

Kuna na wanaotaka tuende upande wa pili kabisa, nyama ifutwe. Mfano wao ni Forest Green Rovers, timu ya mji mdogo wa Nailsworth huko Uingereza. Dale Vince aliichukua mwaka 2010, nyama nyekundu ikaondolewa kwanza, na kufika 2015 wachezaji na mashabiki hawakuuziwa chochote cha mnyama uwanjani. Timu haikufa kwa hilo: mwaka 2017 ilipanda League Two, ambayo ni daraja la nne la Uingereza, kwa mara ya kwanza katika historia yake. Baadaye ilishuka, na sioni haki ya kuusingizia muhogo kushuka huko kama ambavyo sioni haki ya kuusifia kupanda kule. Mfano mwingine ni ukumbi wa The O2 wa London, ambao Juni 2022 uliuza chakula cha mimea pekee kwenye maonyesho sita ya mwimbaji wa Marekani Billie Eilish.

Nawaheshimu hao, lakini sitaki tuwaige. Forest Green ni ya mwenyewe, na mashabiki wake wanajua wanakokwenda. Onyesho la msanii ni la usiku mmoja, na aliyekata tiketi amekubali masharti. Uwanja wa Mkapa ni mali ya umma, na mtu aliyetoka Tandahimba kwa basi kuja kuitazama timu yake asiambiwe mishkaki ni marufuku kwa sababu ya imani ya mtu mwingine. Kinachonisukuma kudai sahani ya vegani ndicho kinachonizuia kumnyang'anya huyo mishkaki yake.

Ninachokitaka ni kidogo mno kikilinganishwa na kelele za pande zote mbili. Jikoni kuwe na karai la pili, la mihogo, viazi na bajia peke yake. Bango la bei liandike kilichomo: maharage yamepikwa kwa nazi au kwa samli, mandazi yana maziwa au hayana. Mhudumu afundishwe kuuliza swali moja, "kuna kitu chochote cha mnyama unachokula?", badala ya kupita kuku, samaki na mayai kama ngazi. Na pale ambapo ukumbi umeshindwa kabisa kuwa na sahani hata moja, mlinzi amwache mteja apite na kikopo chake, kama mahakama ya India ilivyomwachia mama mwenye mtoto. Mwenye ukumbi asiye na cha kumuuzia hapotezi mauzo.

Kenya, Uganda na Tanzania zimepewa AFCON ya 2027. Zabuni za chakula kwenye viwanja zinaandikwa na watu wenye ofisi, kwa lugha ya ofisi, na zikishasainiwa zimeshasainiwa. Mama wa Temeke mwenye beseni la mihogo hatazisoma. Vegani wanaojua kusoma zabuni, na wanaonung'unika kila wikiendi kwamba hawapati cha kula, wana nafasi ya kuomba kipengele kimoja sasa hivi: kwamba sehemu ya meza za ndani ya uzio zitengwe kwa mama lishe wa jirani na uwanja. Mdogo wangu ameshaandika barua yake. Hakuutaja uvegani popote, ameomba mihogo.