PhD ya masomo ya taarifa: unavutwa na jina la chuo au na swali lako?

Kuna vijana hapa Lamu wamemaliza masta za ukutubi, yaani kazi ya maktaba, na usimamizi wa nyaraka, sasa wanasaka PhD ya masomo ya taarifa, na kila nikisikiliza mjadala wao barazani naona unarudi pale pale, chuo kipi kina jina. Mmoja anataka Marekani kwa vile ni Marekani, mwingine anasema baridi ya nini na Chuo Kikuu cha Moi kipo pale Eldoret, kina skuli nzima ya sayansi ya taarifa tangu 1988. Mimi naona wote wawili wameanzia mkiani.

Manake uvutio wa fani yenyewe upo kweli, si uongo. Idara za masomo ya taarifa, hasa za vyuo vikuu vya Marekani kama Michigan, Washington na UCLA, zamani zilikuwa za ukutubi tu, leo humo ndani unakuta mtu wa nyaraka za kale, mtu wa akili mnemba (AI), mtu wa faragha na sheria za data, na mwengine kazi yake ni kuchunguza watu wanavyotafuta habari kwa simu. Kwa mtu wa Lamu huo mchanganyiko una maana. Hebu chukua hati za kale za Msikiti wa Riyadha hapa Lamu, zilipigwa picha za kidijitali na mradi wa Chuo Kikuu cha Bergen kule Norway chini ya mpango wa British Library, maktaba ya taifa ya Uingereza iliyoko London, wa kuokoa nyaraka zilizo hatarini, hati zenyewe zikabaki kwetu, picha zikaenda mtandaoni. Kazi nzuri, sina neno. Lakini Oktoba 2023 wadukuzi wakaivamia British Library na huduma zake nyingi za mtandaoni zikazimika kwa miezi. Haya, sasa maswali yanakuja yenyewe: nakala nyingine ikae wapi, nani aandike maelezo ya kila hati ili hata mtu wa vijiji vya jirani kama Pate au Siyu akitafuta aipate, na mtu akitaka kuzitumia hizo picha ruhusa atoe nani, msikiti, familia au maktaba ya London? Swali moja tu hilo linataka sheria, linataka kompyuta, linataka na anayesoma mwandiko wa mkono wa Kiarabu. Idara ya ukutubi peke yake haiwezi kulibeba.

Upana huo huo una madhara yake lakini. Mtu anaingia na swali la hati anatoka na tasnifu ya mitandao ya kijamii kwa sababu huko ndiko pesa za utafiti zilikokuwa mwaka ule, kisha anarudi Kenya kuomba kazi ya kufundisha ukutubi na paneli inamuuliza, wewe hasa ni mtu wa nini?

Na pesa, jamani, tusioneane haya. Marekani programu nyingi nzuri zinakusamehe karo na kukupa posho, nawe unasaidia kufundisha au kufanya utafiti wa profesa, ila ni miaka mitano sita hivi, kuna madarasa kwanza, kuna mitihani, ndio uandike. Uingereza ni miaka mitatu minne na unaingia kwenye utafiti moja kwa moja, lakini karo ya mgeni ni kubwa na skolashipu unajitafutia. Nyumbani wengi wanajilipia huku wanafanya kazi, na kabla ya kuhitimu Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu inataka uwe umechapisha makala mbili kwenye majarida, juu yake weka migomo ya wahadhiri ya 2024 na 2025. Programu isiyo na pesa kwangu mimi haina mvuto, hata iwe na jina vipi, mtu mwenye watoto hasomi kwa sifa.

Ila ya nyumbani ina kitu kimoja ambacho hizo nyengine hazina. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua kwamba kwenye mradi wa bandari ya Lamu haki za wenyeji zilikiukwa, ikiwemo haki ya kupata habari, na ikaamuru wavuvi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Ukitaka kuchunguza habari za mradi mkubwa vile zinamfikaje mvuvi, au zinakwama ofisi gani, wakati Sheria ya Kupata Habari ipo tangu 2016, huwezi kuifanya kwa miezi miwili ya likizo kisha urudi theluji. Inataka mtu anayeshinda hapa na watu wanamjua ni mtoto wa nani.

Kwa hiyo mimi ningechagua swali kwanza, pesa pili, na tatu msimamizi wa tasnifu, jina la chuo litajiju lenyewe. Na msimamizi usimpime kwa wasifu wake tu, waandikie wanafunzi wake wa sasa na walioacha pia, uliza rasimu ya sura moja inarudi baada ya muda gani, uliza wangapi wamemaliza. Halafu uliza akihamia chuo chengine, na Marekani maprofesa wanahama sana, nani mwengine kwenye idara ile anaweza kukuchukua na swali lako la hati za Lamu. Wakikujibu hakuna, hata posho iwe nono namna gani mimi nisingesaini.