Weusi wa Little Moreton Hall: ubaki au uondoke?

Little Moreton Hall, jumba la mbao lililozungukwa na handaki la maji huko Cheshire, Uingereza, linajulikana kwa boriti nyeusi tititi na kuta nyeupe pe. Wengi huamini ndivyo familia ya Moreton ilivyoliacha, baada ya kulijenga kwa awamu kuanzia mwanzo wa miaka ya 1500 hadi takriban 1610. Sivyo. Weusi huo ni mtindo wa karne ya 19. Awali mwaloni uliachwa bila rangi, ukapauka kwa jua na mvua hadi ukawa wa kijivu.

Wanaotaka weusi uondoke wana hoja nzito. Hii ni kazi ya seremala kwanza: ulimi wa boriti moja umeingia kwenye tundu la nyingine, ukakazwa kwa kigingi cha mwaloni, na mapengo yakajazwa fito zilizosukwa na kukandikwa udongo. Kwenye madirisha ya uani ya 1559 fundi alichonga jina lake, Richard Dale, na kwamba aliyatengeneza kwa neema ya Mungu. Rangi nzito huficha mishipa ya mti na alama za patasi ya mtu huyo. Isitoshe, lami na rangi za kisasa hunasa unyevu. Maji yakipenya kwenye ufa hayatoki, na mti unaoza kwa ndani huku nje unang'aa.

Upande wa pili nao una lake. Jumba hili halijawahi kuwa na umbo moja. Ukumbi mrefu wa juu uliongezwa ujenzi ukiwa umeshaanza, na paa lake la mawe bapa limezilemea boriti za chini hadi sakafu zikapinda. Kiufundi ulikuwa uamuzi mbaya, ila hakuna anayetaka ubomolewe leo. Kama huo ni historia, kwa nini rangi ya zaidi ya miaka mia isiwe?

Kwa sababu ukumbi ukiachwa unabaki, lakini weusi hudumu kwa kupakwa upya, na kila anayeupaka anaamua upya. Hata hivyo sikubaliani na kukwangua. Katika karne ya 20 nyumba kadhaa za aina hii zilipuliziwa mchanga, nakshi zikaliwa pamoja na rangi. Afadhali mbao zisipakwe tena, kuta zipewe chokaa, na hali ya hewa ifanye kazi yake. Itachukua miongo, na National Trust, shirika la kuhifadhi majengo ya kihistoria linalolimiliki jumba hili tangu 1938, linaweza kusubiri.