Mbuga ya Nairobi: tatizo ni ua, si reli

Mbuga ya Nairobi ina kilomita mraba 117 na imezungushiwa ua pande tatu. Kusini kuna Mto Mbagathi tu, na ng'ambo yake nyanda za Kitengela. Reli mpya ilipopitishwa mbugani juu ya daraja la kilomita 6 hivi na kuanza kazi 2019, lawama zote zilielekezwa kwenye nguzo zake. Ujenzi ulileta hasara, lakini chini ya daraja mnyama anapita. Kwenye seng'enge ya ploti ya futi hamsini kwa mia huko Kitengela hapiti.

Kiangazi nyumbu na punda milia hufuata maji ya mbugani. Mvua ikinyesha hutoka kwenda kusini kwenye nyasi fupi, zenye madini anayohitaji jike anayenyonyesha. Wakizibiwa njia, nyasi za mbugani hurefuka na kukomaa. Wao huzikwepa, maana hazina lishe na zinamficha simba. Simba naye huwageukia mbuzi wa wafugaji. Juni 2012 simba sita waliuawa Kitengela kwa sababu hiyo.

Mwenye ardhi wa Kitengela naye ana hoja. Ranchi ya pamoja iligawanywa miaka ya 1980, kila mwanachama akapata hatimiliki, na mji unataka nyumba. Mpango ulioanza 2000 ulimlipa dola 4 kwa ekari kwa mwaka asiuze wala asizungushe ua. Malipo yalitolewa kwa awamu tatu, kufuata mihula ya shule (waliobuni hilo waliijua Kitengela). Lakini ekari 100 ni dola 400 kwa mwaka, na bei ya ploti moja tu inazidi hizo mara kadhaa. Isitoshe, malipo yalikuwa yaleyale kwa kila ekari: anayekaa katikati ya ushoroba (njia ya wanyama) alilipwa sawa na aliye pembeni, ilhali ua wake mmoja unaharibu kazi ya majirani wote.

Wapo wanaosema kusini pazibwe kabisa, kama Mbuga ya Ziwa Nakuru, iliyozungushiwa ua pande zote. Mbuzi watapona, na vifaru watalindwa kwa urahisi. Ila hapo mbuga inakuwa zizi: nyasi zichomwe kwa zamu, wanyama wahamishwe wakizidi, na waletwe wengine kuchanganya damu. Gharama hizo hazina mwisho. Afadhali zilipie ushoroba mwembamba, kwa malipo yanayopanda kadiri shamba linavyokaribia mapito yenyewe.