Vali ya hita inadondosha maji mchana: iachwe au izibwe?

Kwenye nyumba zenye hita ya sola, kuanzia Nyali hadi Bamburi, ubishi ni ule ule. Vali ya usalama, ile inayofunguka presha ikizidi ndani ya tangi, inadondosha maji, mwenye nyumba anataka izibwe. Fundi mmoja anakubali, mwingine anakataa katakata.

Mwenye nyumba ana haki ya kulalamika. Mombasa maji ya mfereji ni ya mgao, na anayenunua kwa mtungi hapendi kuona hata tone likipotea. Tena maji ya visima vyetu yametoka kwenye miamba ya matumbawe. Chokaa yake ikiganda ndani ya vali, vali haifungi tena sawasawa.

Lakini vali hii inasingiziwa. Maji yakipata moto hutanuka. Tangi la lita 200 likipanda kutoka nyuzi 27 hadi 67, huongezeka karibu lita 3 na nusu, na maji hayashindiliki, kwa hiyo ziada hiyo lazima itokee mahali. Zamani ilirudi yenyewe kwenye tangi la juu la maji baridi, wala hakuna aliyeiona. Kisha ikaja pampu ya kuongeza nguvu bafuni. Pampu ina vali ya kuzuia maji yasirudi nyuma. Bomba la kupumulia, lile linaloachwa wazi juu ya hita, nalo likaanza kumwaga maji paani, fundi akalipiga kifuniko. Njia zote mbili zimefungwa, imebaki vali ya usalama peke yake, na hiyo nayo tunataka kuiziba! Tangi lisilo na pa kupumulia huachia kwenye maungio. Hita inayosaidiwa na umeme, thamostati (kifaa cha kukata umeme maji yakishapata moto) ikikwama, ni hatari zaidi: maji yaliyopita nyuzi 100 kwa presha hugeuka mvuke mara tu tangi linapopasuka.

Ukienda dukani, soma kwanza presha iliyoandikwa kwenye tangi, uchague vali inayofunguka kabla haijafikiwa, yenye mkono wa kuinua ili uisafishe chokaa. Ikidondosha juani, inafanya kazi yake. Ikidondosha usiku kucha, inua mkono uioshe, isipoacha, ibadilishe.

Ni kweli, lita 3 na nusu kila siku ya jua ni kama mitungi mitano ya lita 20 kwa mwezi. Dawa yake ni tangi dogo lenye mpira na hewa ndani, linalopokea maji yanayotanuka. Ni gharama, ila kudondosha kunakoma bila kuziba kitu. Na kati ya hita na vali ya usalama isiwekwe koki yoyote, hata fundi akisema itamrahisishia matengenezo.