Sigara ina mwisho, vepu haina

Jamani hii ishu ya vepu, yaani sigara ya kielektroniki, vyuoni tunaichukulia poa mno, ukigusia tu unaambiwa "si mvuke tu huo", na anayekwambia hivyo anasoma famasia! Ule si mvuke wa maji tu. Kile kimiminika ni glisirini, propilini glaikoli, ladha za embe na tikiti maji, na kwenye nyingi kuna nikotini ileile ya sigara.

Kinachoniuma mimi ni jinsi kile kidude kinavyomficha mtu uraibu wake. Mvuta sigara anajua kavuta ngapi, inaungua inaisha, inabidi atoke nje, akirudi ananuka watu wanamsema. Sasa nenda diskasheni yoyote ya usiku karibu na UE, ile mitihani ya mwisho wa semista. Mtu kavuta mkono wa sweta mpaka vidoleni, anainama kidogo, pafu moja, mvuke anaupulizia humohumo kwenye sweta, anaendelea na swali, baada ya muda tena pafu, chaji ikikata anakichomeka kwenye laptop, na ukimuuliza asubuhi usiku kucha kavuta kiasi gani hawezi kukujibu, kwa sababu hakuna kichungi hata kimoja cha kuhesabu.

Na wenye biashara wanalijua hilo. Vepu ya JUUL ilipoingia sokoni Marekani mwaka 2015 ilikuja na nikotini ya chumvi, ambayo haikwaruzi koo hata ikiwa kali, na kampuni yenyewe ilikuwa inasema kapsuli moja ya kimiminika chenye nikotini 5% ina nikotini inayokaribia pakiti nzima ya sigara 20. Pakiti nzima, kwa mtoto wa first year ambaye hajawahi kushika sigara!

Najua mtaniambia Uingereza wanawashauri wavutaji wahamie vepu. Sawa, kwa mzee aliyevuta miaka 30 na anataka kuacha naelewa kabisa, ila hapa tunaongelea vijana wanaoanzia huko. Waganda sheria yao ya 2015 ilipiga marufuku vepu moja kwa moja.

Lakini marufuku peke yake haimsaidii ambaye tayari kanasa, yule ambaye bumu, ile hela ya mkopo wa wanafunzi, likichelewa anakosa ya kununulia na anapata arosto, anakuwa na hasira, hasomi, halali. Huyo akienda kwa mshauri wa wanafunzi anaogopa kuandikiwa barua, kwa hiyo haendi. Vyuo vitangaze wazi kwamba anayekuja mwenyewe kuomba msaada haadhibiwi, na pale zahanati ya chuo awepo mtu aliyesomea kuwasaidia watu waache nikotini.