Beji ya Mwanangu: Kulea Kijana wa Kiarabu Kati ya Dearborn na Mombasa

Mwezi wa Machi 2024, nilipokuwa nikipekua mifuko ya nguo kabla ya kuzitia kwenye mashine, nilikuta katika shati la kazi la mwanangu beji ndogo ya plastiki iliyoandikwa Mike. Mwanangu alipewa jina la babu yake mzaa baba, ambalo ni jina la Mtume, na siku ya akika yake baba yake alitokwa na machozi mbele ya wageni kwa kuona jina la marehemu limerudi nyumbani. Niliigeuzageuza ile beji, nikaona pini yake imeanza kushika kutu, dalili kwamba ilikuwa imevaliwa muda mrefu, kisha nikaiweka juu ya meza yake ya kusomea bila neno. Yeye alipoiona hakusema neno pia, na tulinyamaza hivyo kwa miezi miwili.

Mimi ni mzaliwa wa Kibokoni, katika Mji wa Kale wa Mombasa, kwenye ukoo wa Kihadhrami uliooana na watu wa Pwani kwa vizazi vinne hata Kiarabu kikabaki kwetu kuwa lugha ya sala na ya majina. Niliolewa na Myemeni wa mkoa wa Ibb aliyekuwa akiishi Dearborn, Michigan, nami nimeishi hapa tangu mwaka 2006. Jamaa walio nyumbani huniuliza mara kwa mara kama ni kweli kwamba kumlea mtoto Marekani ni kumpoteza, na wenzangu walio huku huniuliza kama si bora kumrudisha Pwani akatiwe adabu. Naandika kwa sababu nimeyajaribu yote mawili, na maoni niliyofikia siyo niliyoanza nayo.

Anayeisikia Marekani kwa mbali huenda akadhani kwamba mtoto wa Kiarabu hapa hukua peke yake kati ya watu wasiomjua. Dearborn haiko hivyo. Katika sensa ya 2020 zaidi ya nusu ya wakazi wake, ambao ni karibu 110,000, walijiandikisha kuwa na asili ya Mashariki ya Kati au Afrika Kaskazini. Walebanoni na Wayemeni walivutwa na kazi za kiwanda cha Ford cha Rouge, na katika mtaa wa kusini unaopakana na kiwanda hicho adhana husikika barabarani kutoka msikiti ulioanzishwa miaka ya 1930. Shule za serikali hutoa chakula cha halali na hufungwa siku ya Idi, na tangu Januari 2022 meya wetu ni Abdullah Hammoud, mtoto wa wahamiaji kutoka Lebanoni. Mtoto aliyezaliwa hapa anaweza kufika miaka kumi na miwili bila kujua kwamba kuna mahali ambapo jina lake humfanya mtu akunje uso.

Mji huu huu, hata hivyo, uliongozwa kuanzia 1942 hadi 1978 na Orville Hubbard, meya aliyejulikana nchi nzima kwa kuwazuia Weusi wasihamie humu, na mwaka 1985 mgombea mmoja wa umeya alisambaza karatasi za kampeni zilizozungumzia "tatizo la Waarabu", akashinda. Desemba 1942, katika Detroit, jaji Arthur Tuttle alimnyima uraia Myemeni aitwaye Ahmed Hassan kwa hoja kwamba hakuwa mtu mweupe kwa maana ya sheria, kwa kuwa wakati ule karibu kila mhamiaji aliyeomba uraia alipaswa kuwa mweupe au mwenye asili ya Afrika. Jaji wa Massachusetts aliamua kinyume mwaka 1944, na tangu hapo Mwarabu amehesabiwa kuwa mweupe kwenye fomu za serikali, ingawa sijapata kumwona polisi wa uwanja wa ndege anayelikumbuka jambo hilo anapoisoma pasipoti ya mume wangu.

Mwanangu alilielewa hili akiwa na miaka kumi na tano. Oktoba 2023, katika jimbo la Illinois, mtoto wa miaka sita mwenye asili ya Palestina aliuawa kwa kisu na mwenye nyumba waliyopanga, na Februari iliyofuata gazeti moja kubwa la New York lilichapisha maoni yaliyouita mji wetu makao ya jihadi ya Marekani, hata meya akaamuru ulinzi uongezwe kwenye misikiti. Kazini kwake, katika duka la viatu vya michezo kwenye mji wa jirani, mteja mmoja alisoma jina lake kifuani, akarudisha kiatu ndani ya kisanduku, akaomba ahudumiwe na kijana mwingine. Siku ya pili yake akawa Mike. Haya aliniambia baadaye sana, kwa sauti ya mtu anayesimulia habari za hali ya hewa.

Ninalotaka wazazi wenzangu walifikirie ni jinsi ubaguzi wa nje unavyoingia ndani ya nyumba. Hauingii kwa sura yake. Huingia ukiwa umevaa hofu ya mzazi, na hofu hiyo hugeuka kuwa amri. Baada ya ile Oktoba mume wangu, ambaye ni mtu mpole, alianza kutoa masharti mapya karibu kila wiki: usiandike lolote kuhusu siasa kwenye simu, usiende maandamano, usibaki nje baada ya Magharibi, usisafiri na timu kwenda kucheza miji ya mbali. Wakati huo huo masharti ya ndani nayo yaliongezeka: Kiarabu tu mezani, suruali hiyo isionekane tena, rafiki huyo asiingie humu, na binti wa ami yake aliyeko Ibb akaanza kutajwa kwa namna ambayo kila mmoja wetu aliielewa. Kijana alitakiwa nje asionekane na ndani asibadilike. Nimejiuliza sana ni wapi alibakiwa na nafasi ya kuwa yeye, na sijapaona, isipokuwa labda pale dukani, nyuma ya jina ambalo halikuwa lake.

Mwezi wa Mei baba yake aliona kwenye simu ya jirani picha ya mwanangu akiwa amebeba bango katika maandamano ya kupinga vita vya Gaza, na jioni hiyo hiyo akaiona ile beji. Alimuuliza inakuwaje mtu anayeona haya jina lake mwenyewe akaenda kupiga kelele barabarani kwa ajili ya Waarabu. Mwanangu alijibu kwa Kiingereza, jambo ambalo peke yake lilikuwa kosa, kwamba kujificha alifundishwa na yeye. Mume wangu akapiga meza kwa kiganja, kikombe kikaanguka, chai ikatiririka hadi kwenye zulia, na kijana akaingia chumbani kwake akafunga mlango. Nilipiga magoti kufuta chai huku nikiwaza kwamba katika nyumba nzima sina mtu wa kumwita.

Siku ile ndipo nilipoikumbuka Mombasa kwa uchungu. Kaka yangu alipogombana na baba yetu akiwa na umri huo, ugomvi haukukaa ndani ya nyumba hata saa moja. Mama alimtuma mtoto kwa mjomba, mjomba akaja na kanzu yake, akakaa barazani, akamsikiliza mwana kwanza, kisha akaingia kwa shemeji yake, na usiku tukamwona kaka amelala kwa bibi, ambako alibaki siku tatu akila mahamri na kutumwa dukani mpaka hasira za pande zote mbili zikapoa. Baba hakushushwa hadhi na mtoto hakufukuzwa. Huku tuna nyumba yenye joto wakati wa theluji, gari mbili na bima ya afya, lakini ugomvi ukizuka huwa na watu watatu tu na milango mingi.

Basi tulimpeleka Mombasa, Julai hadi mwisho wa Agosti. Mume wangu aliliona hilo kuwa adhabu na mimi nililiona kuwa uponyaji, na wote wawili tulikosea. Mamangu alimpokea kwa viazi vya karai na ukwaju, akamfundisha kuwabusu wazee mkono, na mzee mmoja wa barazani, asiyemjua kabisa, alimkemea kwa kupita na kifua wazi kisha akamnunulia kahawa chungu na kashata. Mwanangu bado humtaja mzee yule kwa upendo. Lakini vijana wa mtaa walimwita Mzungu, wakamcheka kwa Kiswahili chake, na ndani ya mwezi mmoja alijionea yale ambayo mimi sikuwahi kumwambia kuhusu kwetu. Binamu yake alikuwa akihangaikia kitambulisho. Alipofika ofisini aliagizwa alete cheti cha kuzaliwa cha babu, wakati mwenzake wa darasa moja mwenye jina la kutoka bara alishapata chake bila swali hilo. "Mama," aliniambia kwa simu usiku huo, "kumbe hata kwenu?"

Nilimjibu ukweli, tena wote. Nilimweleza kwamba serikali ya kikoloni, kwa sheria ya kodi ya 1910, ilimtenga Mwarabu na mwenyeji, ikawaweka Waswahili wa Thenashara Taifa, yaani yale makabila kumi na mawili ya Waswahili wa Mombasa, upande wa wenyeji wanaolipa, hata watu waliosali safu moja na kuoana wakagawanywa kwa karatasi, na kwamba wakati ule mgawanyiko huo ulitufaa sisi. Nilimweleza kwamba ami yangu alikataa posa ya kijana wa Kigiriama, hafidhi wa Kurani, kwa sababu ya kabila lake tu, na kwamba hakuna mtu katika ukoo wetu aliyepaza sauti. Nilimkumbusha pia kwamba mimi mwenyewe nilipofika Dearborn baadhi ya wake wa shemeji zangu waliniita Mwafrika kwa namna ambayo haikuwa salamu, na kwamba yeye, kwa weusi wake, ameitwa "abdi", yaani mtumwa, na watoto waliosoma naye Kurani, katika mji ambao ukivuka barabara moja tu uko Detroit, mji wa Wamarekani Weusi. Kwa hiyo simwambii mtu yeyote kwamba nyumbani hakuna ubaguzi. Ninachosema ni kwamba nyumbani mtoto aliyeumizwa ana watu wengi wa kumwangalia usoni, na mmoja wao atagundua.

Ndiyo maana siungi mkono desturi ya kuwarudisha vijana Pwani, Yemen au Somalia kama adhabu. Mtoto anayepakiwa kwenye ndege kwa hasira huisoma nchi ya wazazi wake kama jela, na bibi yake kama askari wa jela, na hilo ni dhuluma kwa bibi pia. Kama ni kumpeleka, apelekwe akiwa mdogo, apelekwe mara nyingi, na mzazi aende naye akaonekane akibusu mikono ya wazee wake mwenyewe.

Tulichokikosa sisi hakikuwa Mombasa wala Ibb. Oktoba hii mwanangu, ambaye sasa ana miaka kumi na saba, alikuwa akijaza fomu ya kuomba nafasi chuoni, akafika kwenye visanduku vya asili, akamuuliza baba yake atie alama wapi. Serikali iliidhinisha Machi 2024 kundi jipya la Mashariki ya Kati na Afrika Kaskazini, lakini ofisi zake zimepewa hadi 2029 kulitekeleza, na fomu ile ilikuwa ya zamani. Mume wangu aliitazama kwa muda, akavuta kiti, akaanza kusimulia jambo ambalo hata mimi nililijua nusu tu. Januari 2003, akiwa mwanafunzi, alipanga foleni kwenye baridi pamoja na wanaume wengine wa kigeni ambao serikali, baada ya mashambulizi ya Septemba 2001, iliwataka wajiandikishe kwa sababu ya nchi walizotoka. Orodha ilikuwa na nchi 25, zote za Waislamu wengi isipokuwa Korea Kaskazini na Eritrea, na Oman, ambako ndugu zetu wengi wa Unguja na Mombasa wanaishi, ilikuwemo. Alichukuliwa alama za vidole, akapigwa picha, akaulizwa anasali wapi na rafiki zake ni nani. Zaidi ya watu 80,000 walijiandikisha, na zaidi ya 13,000 kati yao wakafunguliwa kesi za kufukuzwa nchini. Kijana aliyekaa naye chumba kimoja aliingia ofisini mchana huo na hakurudi kulala.

"Nilikuwa na miaka ishirini na miwili," alisema. "Nilijiapiza kwamba nikipata mtoto hatapanga foleni ile."

Mwanangu hakusema kitu kwa muda mrefu. Kisha aliuliza jina la yule kijana, na baba yake akalitaja, akaeleza alikuwa akipika nini siku za Ijumaa, na jinsi vyombo vyake vilivyobaki kabatini miezi mingi kwa kuwa hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kuvitupa. Nilikuwa nimesimama jikoni nikiwasikia wanazungumza Kiarabu na Kiingereza kwa kuchanganya, na hakuna aliyemsahihisha mwenzake.

Bado wanagombana. Wiki iliyopita ilikuwa ni habari ya mechi ya mbali, saa mbili kwa basi, na sauti zilipopanda nilifanya ambalo nilipaswa kulifanya zamani: nilimpigia kaka yangu Mombasa, ambako ilikuwa inakaribia alfajiri, nikaisimamisha simu katikati ya meza ikiegemea bakuli la sukari. Uso wake ulitokea ukiwa na usingizi, kofia imekaa upande. Aliwaitikia salamu wote wawili, akauliza hali ya theluji, kisha akamwambia mume wangu kwa upole, "Shemeji, hebu mwache kijana amalize kwanza."