Mhusika Mbaya na Mkono Unaomwandika

Hadithi ya Liyongo haisimuliki bila yule mwana aliyemchoma baba yake kitovuni kwa sindano ya shaba. Ukimruka, hadithi imekufa. Kwenye magrupu ya kuigiza mtandaoni, ambako kila mchezaji huandika maneno na matendo ya mhusika wake na wenzake wakamjibu, hakuna msimulizi mmoja wa kubeba ubaya wote. Lazima mchezaji mmoja ajitokeze aseme: mimi nitakuwa yule mwana. Ugomvi huanzia hapo.

Malalamiko yanajulikana. Mtu akiandika tapeli, mchawi, mume anayepiga au kamanda anayeteka watoto, wapo watakaouliza ana nini moyoni, na wapo watakaotaka atolewe kwenye grupu. Wanaomtetea wana jibu moja: ni hadithi tu. Mimi mwenyewe huandika wahusika wabaya na naipenda kazi hiyo, lakini siamini kwamba jibu hilo linamaliza shauri.

Hofu yenyewe ni ya zamani. Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, hakutaka walinzi wa mji aliouwaza waige watu waovu, akihofia kwamba kuiga hugeuka tabia. Nchini Marekani, mchezo wa Dungeons & Dragons ambao wachezaji huigiza wahusika wa kubuni, uliotoka mwaka 1974, ulishutumiwa miaka ya 1980 kuwa unawapeleka vijana kwa shetani na kwenye kujiua; madai yale hayakuthibitishwa. Wazazi wetu Kampala, Waislamu kwa walokole, wana hoja ya karibu na hiyo: ulimi huzoea unachokisema, na uongo wa kuchekesha watu umekatazwa. Mzaha mzaha, hutumbua usaha.

Siwezi kuipuuza hoja hiyo. Mwaka 2007 watafiti Nick Yee na Jeremy Bailenson walionyesha kwamba watu waliopewa umbo refu katika ulimwengu wa kompyuta walijadiliana kwa ubabe zaidi kuliko waliopewa umbo fupi. Kumbe vazi la kubuni humgusa anayelivaa. Ila kutoka ubabe wa dakika chache mpaka uovu wa maisha ni safari ndefu, na sijaona ushahidi kwamba anayeandika muuaji huishia kuua.

Jambo zito zaidi ni la mwaka 1993. Katika LambdaMOO, ulimwengu wa mtandaoni wa maandishi matupu, mhusika aliyeitwa Mr. Bungle alitumia programu iliyowafanya wahusika wa wenzake waonekane wakitenda mambo ya aibu ya kingono mbele ya kila mtu, bila wenyewe kuandika hata neno. Hakuna mwili ulioguswa, lakini waliofanyiwa waliumia kwelikweli. Wakazi walijadiliana kwa kirefu bila kuafikiana, mwishowe msimamizi mmoja akamfuta. Tukio hilo linanisaidia kuliko mahubiri yote. Kosa la Bungle halikuwa kuwa na mhusika mbaya. Kosa la Bungle lilikuwa kuiteka kalamu ya mwingine. Kwa hiyo swali langu la kwanza kwa mchezaji haliko kwenye ukubwa wa dhambi ya mhusika wake. Namuuliza: wenzako walikubali?

Tena WhatsApp si jukwaa. Ukienda kwenye Jumba la Taifa la Maigizo pale Kampala, unamwona mwigizaji amepakwa rangi, taa zinazimwa, mwishoni anatoka kuinama na unampigia makofi. Forest Whitaker alipata Oscar mwaka 2007 kwa kumwigiza Idi Amin katika filamu, na hakuna aliyetoka sinema akidhani amekutana na Amin. Mhusika wa mtandaoni huingia usiku wa manane katika simu ileile inayopokea ujumbe wa mama. Hakuna pazia. Ndiyo maana desturi ya kuandika maneno ya nje ya mchezo kwenye mabano si urembo. Ndilo pazia pekee tulilo nalo.

Hapa Uganda kuna uzito mwingine ambao huenda ndugu zetu wa Dar es Salaam au Mombasa wasiuone. Kwa wazee wengi, hasa Buganda, Kiswahili ni lugha ya askari aliyesimamisha gari na kupekua nyumba. Amin alikitangaza lugha ya taifa mwaka 1973, na miaka minane ya utawala wake ilikiachia harufu ya bunduki. Baraza la Mawaziri liliamua Julai 2022 kwamba kifundishwe shuleni kwa lazima, lakini kumbukumbu haifuati mtaala. Katika magrupu yanayochanganya Kiingereza, Kiganda na Kiswahili, mara nyingi mhusika akitaka kuiba au kutisha, ghafla anaanza kusema Kiswahili. Inaniuma. Ni lugha ya nyumbani kwa watoto wengi waliokulia kambi za jeshi, na ni lugha ya kazi kwa watu wa Busia na Malaba, mpakani na Kenya. Lakini siwezi kumwambia mwandishi adanganye kuhusu lugha aliyotumia yule askari. Ninachomwomba ni ampe Kiswahili na mhusika mwingine pia: mwenye duka, mkunga, mpenzi.

Chukua onyesho moja la grupu ninaloshiriki. Mwaka wa hadithi ni 1978, barabara ya Masaka. Askari, anayeandikwa na kijana mpole kabisa, anasimamisha Peugeot iliyojaa abiria. "Toka inje. Kipande iko wapi?" Anakipokea kitambulisho, anakishika kichwa chini, anajifanya kukisoma. Kisha anamwambia mwenye saa aivue. Hakuna risasi wala tusi. Aliyekuwa anamwandika mwenye saa akanyamaza, halafu akaja na mabano: babu yake alitolewa kwenye gari namna ile na hakurudi. Hakutaka tuache. Alitaka askari yule asipewe hotuba ya kujitetea, na alitaka yeye mwenyewe aamue mwenye saa atafanya nini. Kijana alikubali palepale, na onyesho likaendelea kwa uangalifu ambao hatukuwa nao mwanzoni.

Onyesho lile liliumiza, na lilisema kweli ambayo familia nyingi huinyamazia. Ndiyo sababu siungi mkono wanaotaka wabaya wapigwe marufuku. Nchi hii inajua inakoelekea pale mwandishi anapoadhibiwa kwa kinywa cha mhusika wake: Byron Kawadwa, aliyekuwa mkurugenzi wa jumba hilohilo la maigizo, aliuawa mwaka 1977 chini ya Amin, baada ya kundi lake kupeleka mchezo wake kwenye tamasha la Lagos. Na marekebisho ya mwaka 2022 ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta yaliwagusa hata wanaosambaza habari kwa utambulisho wa uongo. Kwa watu ambao mchezo wao wote ni majina ya kubuni, hilo si jambo dogo.

Hata hivyo wapo wanaojificha nyuma ya mhusika, na wanatambulika. Mbaya wao hashindwi kamwe. Humwandama mchezaji mmoja yuleyule, kwa kawaida msichana aliyemkatalia jambo nje ya mchezo. Ukimkanya anasema, "si mimi, ni mhusika wangu," kana kwamba mhusika ana vidole. Mwandishi halisi wa ubaya hufurahi mbaya wake anaponaswa, maana hadithi imesonga. Na pale ambapo watoto wa sekondari wamo kwenye grupu, mambo ya ngono hayaandikwi. Hapo sioni pande mbili za kupima.

Linalobaki gumu ni majina ya kweli. Dominic Ongwen alitekwa akiwa mtoto na LRA, jeshi la waasi la Joseph Kony lililoteka watoto kaskazini mwa Uganda, akaja kuwa kamanda wake. Februari 2021 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimtia hatiani kwa makosa 61, kisha ikampa kifungo cha miaka 25, majaji wakiwa wamezingatia pia kutekwa kwake. Mwandishi gani hatavutwa na mtu aliye mtekwa na mtekaji kwa pamoja? Lakini grupu la leo lina mchezaji wa Kampala anayetafuta msisimko na mchezaji wa Gulu ambaye ndugu yake hakurudi. Wanaonipinga wanasema jina la kubuni ni njia ya kuikwepa historia, na hoja yao ina nguvu. Bado nasema anayetaka kumwandika Kony au Ongwen kwa jina lake aombe kwanza ruhusa ya grupu zima, na akikataliwa hata na mmoja, aunde kamanda wake mwenyewe.